Fundi Asiyekuwa na Ufutio

Fundi hakuwa na ufutio. Mezani kwake palijaa penseli, rula za chuma, bikari mbili, uzi mweusi na kopo la biskuti lenye vipande vya chaki, lakini ufutio hukuuona. Mpangaji mmoja aliwahi kumpa zawadi ya penseli yenye ufutio mwekundu kichwani. Akamshukuru kwa adabu zote, akaung'oa ule ufutio kwa meno, akautema kwenye pipa la taka, kisha akaanza kuitumia penseli yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Ukikosea kuandika mbele yake, alikuwa na utaratibu wake na hakuukiuka hata mara moja. "Usifute, bwana mlinzi," alikuwa akisema. "Piga mstari mmoja, mwembamba, kosa liendelee kusomeka. Pembeni andika jina lako na tarehe." Siku moja nikamuuliza kwa utani, na je, ukija kugundua kwamba ulichokipigia mstari kilikuwa sahihi? Alifikiri kwa muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. "Unaweka nukta tatu chini yake," akasema, "halafu jina lako na tarehe. Lakini hilo sijawahi kulifanya."

Mimi ni mtu wa wasiwasi, hilo niliseme mapema. Nikifunga mlango narudi mara mbili kuutikisa. Kwa mlinzi wa jengo hiyo ni sifa, na supavaiza wangu aliwahi kunisifu kwayo mbele ya wenzangu. Niliweke wazi na hili pia, nisije nikaonekana namsifu mtu ili nijifiche nyuma yake: Fundi nilimdanganya. Nilimdanganya kwa siku ishirini na tatu, kwa kalamu yangu mwenyewe, ndani ya daftari lake, juu ya kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, naye akaniamini. Kila ninachokikumbuka juu yake nakikumbuka kupitia siku hizo.

Jengo lilikuwa mtaa wa Najma, Doha, ghorofa sita, halina lifti, naye akikaa ghorofa ya pili. Alikuwa Mhindi mwembamba aliyekaribia umri wa kustaafu, suruali kaipandisha hadi juu ya kitovu. Wengine walimwita injinia, akakataa. "Injinia ni mtu aliyesoma," alisema. "Mimi ni fundi michoro." Aliwahi kuishi Mwanza miaka kadhaa akichora viwanda vya kuchambulia pamba, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake, Kiswahili cha kitabu, kilichonyooka kuliko changu mimi wa Tanga. Siku ya kwanza aliponiambia "tafadhali nifungulie lango, nimesahau ufunguo", niligeuka nyuma nione ni nani amesema. Tangu hapo nikamwita Fundi, au mzee, naye akaniita bwana mlinzi, na hakuna kati yetu aliyemtaja mwenzake kwa jina.

Mchana alichorea kampuni moja ya ujenzi. Maghorofa ya vioo yalikuwa yakiota kule ufukweni kila ukigeuka, na yeye alichora sehemu zake zisizopigwa picha: ngazi za dharura, vyoo, maegesho ya chini ya ardhi. Hakuona haya. "Siku moto ukiwaka watu watashuka kwenye ngazi yangu," alisema, "na hakuna atakayejikwaa." Hayo ndiyo yalikuwa majivuno yake yote.

Kazi yake mwenyewe ilianza akirudi jioni. Kule Jaipur, India, karibu miaka mia tatu iliyopita, mfalme mmoja aliyependa nyota alijenga vyombo vya kupimia mwendo wa jua. Havikuwa vya shaba vya kushika mkononi. Vilikuwa vya mawe na chokaa, vikubwa kama majengo. Kikubwa kuliko vyote ni ngazi inayopanda kwenda angani na kuishia hewani, haina mlango juu wala chumba. Kulia na kushoto ina mbawa mbili za plasta zilizopinda. Ukingo wa ngazi hutupa kivuli juu ya ubawa, kivuli hutembea kwenye mistari iliyochorwa, na ukisoma mstari umeshajua saa ya jua. Chombo hicho, na vingine pembeni yake, Fundi alikuwa akivijenga upya ndani ya kompyuta yake, jiwe kwa jiwe, kutoka kwenye vipimo alivyovichukua kwa mkono tangu ujana wake.

Sababu aliniambia mara moja tu. Akiwa kijana alikuwa kibarua kwenye ukarabati wa chombo kama hicho. Plasta ilikuwa imechakaa, wakaambiwa waikwangue wapake nyingine. Wakaikwangua, pamoja na mistari yake yote ya zamani, kabla ya mtu yeyote kuinakili. Mistari mipya ikachorwa kwa uzi na kukadiria. "Kikwangulio nilikishika mimi," akasema, akanionyesha mkono wa kulia, mkono wa kawaida kabisa wenye madoa ya wino. Hapo nikaelewa kwa nini hakuwa na ufutio.

Chumbani kwake kulikuwa na feni moja, nayo ilielekezwa kwenye kompyuta. Yeye alikaa pembeni akitiririka jasho. Mfano wake hakuutaka uwe mzuri, aliutaka uwe wa kweli. Kila ufa aliuingiza, kila kona iliyomeguka, hata kipandio kimoja ambacho ukingo wake umeliwa na miguu ya watalii. Kijana wa kampuni ya maonyesho alikuja siku moja kumshawishi aongeze mawingu na ndege wa kuruka, ili upendeze kwenye skrini. Fundi akamwandalia chai, akamsindikiza hadi langoni, akarudi akiniuliza kama nimewahi kuona ndege akisaidia mtu kujua saa.

Mara ya kwanza aliponiita nitazame, alishika kipanya cha kompyuta akalivuta jua kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine, na kivuli kikateleza juu ya plasta ya Jaipur. Nilisema astaghfirullah kwa sauti, nikarudi nyuma hatua mbili. Alicheka hadi akakohoa. Baadaye akawa akinitania kila asubuhi langoni: "Bwana mlinzi, leo nilivute au tuliache lijiendee?"

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Mtu aliyepima dakika kwa penseli alichelewa kazini karibu kila siku, na saa ya mkononi hakuwa nayo. Sukari ilikuwa imemkataza vitamu, lakini chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na sukari, aliinywa vikombe vitatu mfululizo kwenye duka la mtaani, akidai kwamba vikombe vya pale ni vidogo. Mambo ya kupiga ramli kwa nyota aliyaita upuuzi, na bado hakupanda ndege siku ya Jumamosi. Alinipenda, nadhani, kwa sababu nilihesabu saa kwa Kiswahili. "Wazee wetu nao walianza kuhesabu jua likichomoza," alisema. "Hawa wenye kuanza usiku wa manane, watu wamelala, wanahesabu nini?"

Na alikuwa na ngazi yake juu ya paa, bila ruhusa ya mwenye jengo.

Aliijenga kwa mbao za plaiwudi na plasta, kimo cha kiuno changu, mfano mdogo wa ile ya Jaipur, mbawa zake zimekatwa kwa michoro ileile iliyotoka kwenye kompyuta. Pembe tu ndiyo ilibadilika, maana ngazi ya namna hiyo lazima iinamie nyota ya kaskazini ya mahali ilipo, na Doha si Jaipur. Wapangaji hawakuielewa. Mama mmoja wa Kimisri alianikia zulia juu yake. Supavaiza wangu, Mkenya, aliizunguka mara mbili akauliza, "Hii ni slaidi ya watoto ya kuteleza ama?"

Ngazi ile ilikuwa mtihani wa michoro yake. Watu wa Jaipur wanaovitunza vyombo vile walikuwa wanajiandaa kupaka plasta upya chombo kimoja na kuchora mistari yake, nao walikuwa wakiusubiri mfano wa Fundi wautumie. Yeye hakutaka kuutoa kabla hajaona kwa macho kwamba michoro yake inakubaliana na jua. Kama kivuli cha juu ya paa kingetua pale kompyuta ilipotabiri, siku baada ya siku, kiangazi chote, basi mpindo wa mbawa zake ulikuwa sahihi na angeutuma. "Niliwahi kuwachorea mistari ya kukadiria," alisema. "Mara ya pili sitaki."

Kwa kuwa mchana alikuwa ofisini, msomaji wa kivuli nilikuwa mimi. Kila siku isipokuwa Ijumaa, saa sita kamili kwa simu yangu, nilipanda paani na kuangalia kivuli kimefika mstari wa ngapi kuanzia ule wa katikati. Kila mstari ulikuwa dakika moja. Ukingo wa kivuli hauna makali, ndiyo maana alinipa uzi mweusi. Unaunyoosha mahali mwanga unapoanza kufifia, halafu unasoma. Niliandika namba kwenye daftari lake na jina langu pembeni, kwa sababu kila namba lazima iwe na mtu aliyeiona. Nilijisikia mtu. Tanga nilikuwa nimeacha shule darasa la saba.

Halafu macho yake yakaingia ukungu. Hospitali wakamfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja mwishoni mwa Julai, la pili wiki mbili baadaye, wakamkataza jua na vumbi mwezi mzima. Akawa anakaa chumbani mapazia yamefungwa, bandeji machoni na miwani myeusi juu yake, uso kauelekeza mlangoni. "Sasa macho yangu ni wewe," aliniambia.

Wiki ileile, mlinzi mwenzangu, Mganda tuliyelala naye chumba kimoja, alianguka mchana kwenye lango la jengo alilolinda, jua lilimpiga hadi akaanza kuongea na mama yake aliyeko Mbale. Hakufa, alhamdulillahi, lakini alirudishwa kwao akiwa hajawa sawa. Supavaiza akatukusanya. "Wasee, skizeni," alisema. "Serikali imesema kutoka saa tano na nusu hadi saa tisa hakuna mtu anafanya kazi kwa jua. Inspekta akipata mlinzi wangu huko nje, kampuni inakula faini na yeye anakula exit, anarudishwa kwao. Msinichomee, tafadhali." Kisha akanigeukia. "Na wewe wa slaidi, nisikuone huko juu."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha Septemba. Mke wangu alikuwa mjamzito. Niliogopa jua, niliogopa inspekta, niliogopa supavaiza, na niliona aibu kumwambia mgonjwa asiyeona kwamba naogopa.

Siku ya kwanza nilifika hadi mlango wa paa. Niliushika, chuma kikaniunguza kiganja. Nikakaa kwenye ngazi za ghorofa ya sita, daftari mapajani. Jana ilikuwa ishirini, juzi ishirini. Leo itakuwa nini kama si ishirini? Nikaandika ishirini. Nikaandika jina langu.

Siku ya pili sikufika hata mlangoni. Siku ya tano nilijimwagia maji ya bomba usoni na mabegani kabla ya kuingia kwake, ili aniguse bega akute shati limelowa. Siku nyingine niliandika ishirini na nusu, namba zionekane zinapumua. Alikuwa akiniuliza, "Joto la juu likoje?" nami nikamweleza joto nisilolihisi, kwa maneno mengi. Alinisikiliza kichwa kakiinamisha, akaniandalia sharubati ya ndimu kwa kupapasa, na mimi nikainywa. Ile sharubati hadi leo naisikia kooni.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba jua haliko mahali pamoja saa sita ya kila siku. Lina kuwahi na kuchelewa kwake, kidogo kidogo, na katika mwezi wa Agosti namba ilipaswa kupanda kutoka ishirini hadi ishirini na nne. Fundi alikijua hicho kabla sijazaliwa. Alikaa gizani akisubiri namba ipande, na kila mchana nikamletea ishirini.

Hakunishuku, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Alishuku vingine vyote. Kwanza alishuku plasta, kwamba imevimba kwa joto. Halafu akashuku jengo lenyewe. Kiwanja cha jirani kilikuwa kimechimbwa shimo refu la msingi, maji yakivutwa kwa pampu mchana kutwa, naye akawaza kwamba labda jengo letu limeanza kulala upande. Akanituma nifunge nati nzito kwenye uzi na kuining'iniza katikati ya ngazi, kutoka ghorofa ya sita hadi chini. Kila asubuhi nikaitazama ile nati na alama ya chaki chini yake, nikijua haitasogea, na bado nikiogopa isije ikasogea kweli. Wapangaji wakaanza kuuliza. Mama wa Kimisri akafunga mabegi yake akayaweka mlangoni.

Wiki ya mwisho ya Agosti alinikalisha akaniambia wazi, kwa namba alizozikariri kabla ya upasuaji. "Kompyuta inasema leo au kesho tuone ishirini na nne. Tofauti ni upana wa kidole. Huoni hata dalili?" Nikasema labda ukungu wa vumbi.

Kesho yake nilipanda. Sikumwaga maji usoni. Saa sita kasoro nilifungua mlango wa paa kwa kitambaa, nikasimama kwenye moto ule macho yakinichoma, nikitazama chini barabarani kama gari la inspekta linakuja, nikanyoosha uzi. Kivuli kilikuwa kwenye mstari wa ishirini na nne. Si ishirini na tatu wala na nusu. Kimetulia hapo, kimenyamaza. Nikaandika, nikashuka ghorofa nne karibu nikimbie.

"Ishirini na nne, mzee!"

Kisha akasema polepole, "Jana nilikwambia kompyuta inataka ishirini na nne."

"Ndiyo, mzee."

"Na leo umeona ishirini na nne."

"Wallahi nimeiona kwa macho yangu."

Akatabasamu, tabasamu la mtu anayempa pole mtoto. "Wewe ni mtu mwema, bwana mlinzi. Lakini usinionee huruma ndani ya daftari." Akaomba penseli, akaniambia nimwekee kidole chake kwenye ile namba, akapiga mstari mmoja mwembamba juu yake, akaandika jina lake na tarehe.

Ningeweza kusema pale pale. Lakini ili aiamini ile moja ilinibidi niziseme zile nyingine zote, nami nikalifunga daftari. Siku zilizobaki nikarudi kwenye ngazi za ghorofa ya sita nikaandika ishirini.

Hakuwahi kupanda kuthibitisha. Kabla bandeji haijatoka, mwenye jengo alituletea barua kwamba jengo linavunjwa, kama yalivyovunjwa mengi ya mtaa ule, na vibarua walianza na paa. Tulikuwa chumbani kwake tuliposikia kitu kikianguka uani. Aliuliza ni nini, nikamwambia ni matangi ya maji. Hata hilo nilimdanganya, ilikuwa ngazi yake. "Jua halikosei," alisema siku aliyohama, akipanga madaftari sandukuni kwa kupapasa. "Nati haikusogea, kwa hiyo jengo halikulala. Basi nimekosea mimi, kwenye mpindo wa mbawa."

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, dukani penye karaki, mwaka mmoja na kitu baadaye. Aliniambia aliwaandikia watu wa Jaipur kwamba mfano wake haujakamilika. Walimsubiri, wakachoka, wakapaka plasta yao na kuchora mistari kwa michoro ya mtu mwingine. "Walifanya vizuri," akasema. "Ningewapa kitu kibovu." Nikamwambia naharakisha, zamu yangu inaanza. Haikuwa zamu yangu.

Miaka ikapita. Niliacha ulinzi, nikapata leseni, nikawa dereva wa magari ya kukodi ya kampuni. Mwanangu akaanza shule, na aliponionyesha kwenye simu daftari lake la hesabu lililojaa alama za kufuta, nilimkemea kwa ukali ambao mama yake hakuuelewa. Kila Agosti nililala vibaya.

Asubuhi moja nilitumwa Al Wakrah kumchukua abiria wa uwanja wa ndege. Nje ya jengo alisimama mzee na masanduku mawili, begi la mkononi kalikumbatia, miwani mizito, suruali juu ya kitovu. Nilishuka kubeba masanduku bila kusema kitu. Nilitumaini hatanijua, na nikaogopa hatanijua. Nilipofungua mlango nikasema karibu, na hilo neno moja lilitosha.

"Bwana mlinzi," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Kampuni imempa mkono wa kwaheri, alisema, na macho bado yanaona ya kutosha kuendelea. Nilimuuliza kuendelea na nini, ingawa nilijua. "Na ubawa," akasema. "Nimeupinda upya mara kumi na moja. Bado sijaliona kosa, na paa la kuujaribia sina tena."

Kutoka Al Wakrah hadi uwanja wa ndege si mbali. Kila taa nyekundu nilijiambia, ikiwaka kijani nitasema. Ziliwaka kijani zote. Nikapita njia ya kuingilia uwanjani bila kuiona, ikabidi nizunguke, naye akatazama saa ya gari kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mzee," nikasema, macho barabarani. "Agosti ile. Sikupanda juu."

"Siku gani?"

"Niliogopa jua na inspekta. Nilikaa kwenye ngazi nikaandika ishirini kutoka kichwani. Kila siku. Kosa halikuwa kwenye ubawa wako."

Nilitaka anitukane, kwa lugha yoyote. Tulifika mlango wa wasafiri, nikasimamisha gari, na yeye hakushuka.

"Mara kumi na moja," akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ya hasira kavu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ule wa kwanza ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa, mzee. Nisamehe."

Akafungua begi la mkononi. Daftari lilikuwa humo, lilelile, limefungwa kwa uzi mweusi. Akalifungua kwenye ukurasa ule bila kutafuta, akanipa pamoja na kalamu ya wino.

"Unajua utaratibu," akasema.

Askari wa barabarani alikuwa ameshatuona. "Yalla, harrik! Harrik!" alipiga kelele, akionyesha niondoe gari. Niliweka daftari kwenye usukani nikaanza. Ishirini, mstari mmoja mwembamba, jina langu, tarehe ya leo. Ishirini, mstari, jina, tarehe. Ishirini na nusu. Magari nyuma yetu yalipiga honi. Askari akaja akagonga kioo, nikamwinulia mkono kumwomba dakika moja bila kumtazama. Nilifika mwisho wa ukurasa nikamrudishia.

Alipitisha kidole juu ya mistari mmoja mmoja, midomo ikihesabu. Akafika penye namba iliyokuwa na mstari tayari, ule wa penseli wenye jina lake. Kidole kikasimama.

"Na hii?"

"Hiyo nilipanda, mzee."

Akachukua kalamu mkononi mwangu, akasogeza ukurasa karibu na miwani, na chini ya ile ishirini na nne akaweka nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Askari alikuwa akigonga tena. Fundi hakuharakisha, aliandika jina lake, akaniuliza leo ni tarehe ngapi, akaiandika.